Katoni Tupu za Sabuni

Mimi sikuwa mtu wa kuomba hadharani. Mume wangu ndiye aliyekuwa hivyo, na mwanzoni mwa miaka ya sabini jambo hilo lilinichoma moyo kuliko hata njaa.

Tulikuwa na duka dogo sokoni, njia ya kwenda Manga. Mhindi aliyekuwa nalo alihama, nasi tukalikodi tukiwa bado vijana wa kujisikia, mimi hasa. Mke wa mwenye duka! Hata kuchota maji nilikwenda na kitambaa kilichopigwa pasi.

Shida ni kwamba siku kubwa ya soko ilikuwa Jumamosi, na sisi ni Wasabato. Ijumaa, jua likianza kushuka nyuma ya migomba, mume wangu alifunga milango hata kama mteja ameshaishika chumvi mkononi. "Njoo kesho jioni, ndugu yangu, jua likishatua," alimwambia. Mteja huyo akavuka barabara hadi kwa jirani yetu Mkatoliki, mwenye duka jipya lenye bati linalong'aa, ambaye Jumamosi aliuza mpaka sauti ikamkauka. Sikumchukia. Basi, nilimchukia kidogo.

Rafu zetu zikaanza kubaki wazi. Kilichouzwa hakikurudi, maana kilichopatikana tulikila. Mume wangu alisema tuombe, na mambo yakikataa kabisa atakwenda Kericho kuchuma chai ya watu. Hilo la Kericho ndilo nililoliogopa. Nilijua nyumba ambazo baba alikwenda huko, na kilichorudi kikawa ni salamu tu.

Basi kila asubuhi alipiga magoti katikati ya duka, mlango ukiwa wazi nusu, akamlilia Mungu kwa sauti. Wapita njia walipunguza mwendo wasikilize. Mimi nikajifanya natafuta ufagio. Mwanamume mzima, visigino nje, soko zima linamwangalia! Nilitamani akaombee jikoni kama watu wengine.

Nami nikatumia akili yangu. Katoni za sabuni zilipoisha sikuzitupa. Nilizifunga upya, nikazipanga rafuni zikitazama mlangoni, na juu yake nikaweka makopo matupu ya mafuta ya kupikia niliyoyasugua kwa majivu. Anayeingia anaona duka limejaa. Akiuliza sabuni, namwambia zile zimeshachukuliwa na mwalimu mmoja, zinamsubiri. Mume wangu aliziangalia, akaniangalia mimi, akanyamaza.

Hakunyamaza kanisani. Sabato moja, wakati wa maombi maalumu, nikamwona anasimama upande wa wanaume. Nilidhani anamwombea shangazi yake aliyekuwa anaumwa.

"Ndugu zangu, mtuombee," akasema kwa Kigusii chetu, polepole, hata wa benchi la mwisho akamsikia. "Duka letu halina kitu. Zile katoni mnazoziona ni tupu."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Masikio yaliwaka moto. Mama aliyekaa karibu nami aliweka mkono wake gotini kwangu nikautoa. Waliomba, tena waliomba sana, na mimi sikusikia neno hata moja.

Tukirudi nyumbani nilimtangulia kupanda kilima, nikaongea bila kugeuka. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Ningemwambia Mungu nini, mama wa watoto?" akauliza. "Kwamba tumejaa?"

Nikaongeza mwendo.

Jumapili nilifungua duka kwa sababu tu yeye alikuwa shambani. Sijakaa sawa, nikawaona akina mama wa kanisa wanakuja kwa mstari, vikapu vichwani. Ee Mungu, nikasema, wamekuja kutazama. Aliyetangulia alikuwa mjane mmoja mzee, omong'ina kama tunavyowaita akina bibi kwetu, niliyemheshimu kuliko wote. Akasimama mbele ya meza yangu ya kuuzia.

"Nipe sabuni, mwanangu."

Aliniangalia usoni. Ule uongo wa mwalimu ulifika mdomoni ukakwama hapo hapo.

"Hakuna, omong'ina. Zile ni tupu."

"Tunajua," akasema. "Tulijua zamani. Mlango ukifunguliwa na upepo ukaingia, katoni zako zinacheza. Katoni yenye sabuni haichezi. Tulikuwa tunangoja mseme. Mtu aliyejaa utamletea nini?"

Machozi yalinitoka, na si ya shukrani, ni ya aibu. Miezi yote ile nilidhani ninawaficha, kumbe walikuwa wakinisitiri. Waliingia, wakaniuliza chumvi nikasema hakuna, wakatoka bila kuinua macho kwenye rafu.

Yule omong'ina alizunguka meza, akashusha katoni moja, akaanza kupanga mayai ndani yake. Mwingine akamimina maharagwe. Mwingine wimbi. "Yauzwe mjini," wakasema, "mrudi na sabuni, nasi tutachukua sabuni." Kesho yake mume wangu aliipeleka mizigo ile Kisii, na habari za Kericho zikaishia hapo. Lakini asubuhi ile sikuwa nimejua hayo. Nilisimama tu nikitazama makopo yangu yaliyosuguliwa, na sikujua pa kuuweka uso wangu.

"Sasa omba," omong'ina akasema.

"Mimi?"

"Bwana yako ameomba siku zote. Leo ni wewe."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ng'ambo ya barabara jirani yetu, aliyekwisha kurudi misa, alikuwa amesimama na mizani yake mkononi, anatutazama. Nikapiga magoti pale pale mume wangu alipozoea kupiga, visigino vyangu nje.

"Bwana," nikanong'ona, "hatuna kitu."

"Paza sauti, mwanangu," omong'ina akasema nyuma yangu. "Hapa hakuna asiyejua."