Hesabu ya Umeme wa Mama

Baba alipofariki, mama alihamia kwa dada yangu, kule Bububu. Aliishi huko kama mgeni wa heshima, hata ufagio haruhusiwi kuushika. Eda ikamalizika, na mwaka ukapita. Siku moja akatuambia kuwa anahamia Chukwani, kwenye kiwanja alichoacha baba. Mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuwa amekikodi alikuwa ameondoka, na nyuma yake akaacha karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari.

"Sisafiri nacho," mama alisema. "Nakaa."

Umeme ulikuwa haujafika upande ule. Mimi nilikuwa fundi wa redio mtaa wa Amani, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Dada alifuatana nami akitaraji kuniona nashindwa.

Nikamuuliza mama atatumia nini. Taa mbili, redio, na feni ya kulalia. Nikazidisha wati kwa saa, nikapata wati-saa mia sita kwa siku. Betri moja kubwa ingetosha, na paneli za jua juu ya paa. Nikamweleza kuwa betri ukiikamua zaidi ya nusu hufa mapema. Akasema watu nao ndivyo walivyo.

"Na cherehani ya umeme," akaongeza.

Mama hakuwa mshonaji. Nyumbani kwetu vifungo vilipokatika, baba ndiye aliyevishona.

"Nani atakayeshona, mama?"

"Mume wangu."

Dada akakaa kwenye ngazi ya karavani. Mama akaeleza kwa utulivu kuwa mtu huyo ni mshoni wa kanzu, amefiwa na mkewe, ameshaleta posa kwa mjomba na mjomba ameridhia. Nikauliza mume anashona saa ngapi kwa siku.

"Saa nne. Ijumaa hashoni."

Nikajumlisha. Ilihitajika betri ya pili. Nikamwambia pia kuwa mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi ghafla, na inveta ndogo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ingezima.

"Basi nunua kubwa," alisema. "Asije akaaibika siku ya kwanza."

Dada akanivuta nyuma ya karavani, akanitaka nimwambie mama kuwa umeme hautatosha. Nikamjibu kuwa utatosha, nshapiga hesabu. Hakusema nami tena mpaka siku ya nikahi, ambayo alifika imekwisha, watu wanakunywa kahawa.

Yule mshoni alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomfungia inveta alinishukuru, akaanza kazi. Mama akavuta kiti, akakaa kumtazama, na sikuona haja ya kuendelea kuwepo.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, dada alikwenda Chukwani na vitambaa vya kanzu za wanawe. Akampa baba wa kambo shikamoo, akaitikiwa marahaba, watoto wakapimwa. Kanzu zilipokuwa tayari alizigeuza nje ndani akitafuta kasoro. Hakuiona. Alisema mikono imekuwa mirefu kidogo, lakini watoto wanakua.