Anawahesabia Nani?

Juzi nilikwenda kumwandikisha mpwa wangu katika shule moja jirani na machimbo ya dhahabu ya Geita. Mbele yangu alisimama mama mmoja, amemfunika bintiye kwa kaniki.

"Mwalimu, namrudisha nyumbani," alimwambia mwalimu mkuu. "Yule msaidizi wenu wa darasa la kwanza namwogopa. Mwanaume mzima, badala ya kuchunga ng'ombe anapangusa watoto kamasi! Tena kila mara anawagusa vichwa na kuwahesabu. Sisi wanetu hatuwahesabu, wakihesabiwa wanakufa. Anawahesabia nani?"

"Mama, nyuma ya shule kuna mashimo yaliyoachwa na wachimbaji. Anahakikisha hakuna aliyetumbukia."

Kupitia dirishani tulimwona msaidizi mwenyewe akihesabu watoto uwanjani. Alifika mwisho, akaanza upya. Mara ya tatu tulimsikia akiishia thelathini na moja. Akatupa chaki, akakimbilia mashimoni huku akiita jina la msichana.

Mama akafunua kaniki, akatoka mbio na bintiye. "Baba! Rudi, baba! Ninaye mimi!"

Alirudi akihema, magoti yamejaa udongo mwekundu. Akaweka mkono juu ya kichwa cha yule binti. "Thelathini na mbili," alisema kwa sauti ndogo.

Mama hakuuondoa mkono ule. Mimi, niliyesoma hadi sekondari na nisiyeamini habari za kuhesabiwa, ndipo nilipogundua kwamba nimekifunika kichwa cha mpwa wangu kwa mikono miwili.