Nilitafuta price match ya friji ya mama hapa Machakos, mpaka leo sijui kama niliokoa pesa ama nilipoteza

Wakuu, mko aje huko mliko? Hii si stori ya kusimuliwa, ilinipata mimi mwenyewe, na nitaieleza vile ilienda bila kuongeza chumvi. Kama kuna mahali hamtaelewa msijali. Hata mimi nilibaki hapo hapo.

Mimi nashona nguo kiwandani, huko EPZ Athi River. Mama yangu anaishi kijijini Kola, peke yake, na ako na ugonjwa wa sukari. Anajidunga insulin.

Sasa hiyo dawa, zile chupa hajafungua zinatakiwa zikae kwa baridi, na mama hakuwa na friji. Kwa muda mrefu alikuwa anaziweka kwa Mama Swaleh, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa na hoteli pale sokoni. Alimtengea kona yake ndani ya friji ya soda, na ole wako uguse hiyo kona.

Halafu Mama Swaleh akahama, hoteli ikafungwa.

Mama akarudi na dawa nyumbani akaziweka karibu na mtungi wa maji. Jua la Kola mnalijua. Alipoenda kliniki, nurse akaziangalia akamwambia hizo zimepata joto, tupa. Lakini hapo alikuwa amezitumia siku kadhaa, na sukari ilikuwa imepanda vibaya. Jirani alikuwa amempata shambani ameketi chini, ameshika jembe, hajui ako wapi.

Nilipopigiwa simu nilikuwa kwa mashine. Nilishona mkono wa shati mahali pa mfuko. Supervisor wangu aliniangalia tu, akaniambia nenda nje upumue.

Basi ikawa ni lazima friji inunuliwe.

Hapa Machakos town kuna duka moja kubwa la vitu za stima, jina naliacha. Mlangoni wamebandika tangazo: ukipata bei ya chini mahali pengine, tuonyeshe, tutashuka mpaka hapo. Hiyo ndiyo wanaita price match. Tena wanakupelekea mpaka nyumbani bure, na guarantee ni miaka miwili.

Niliona friji ndogo ya milango miwili. Bei ilikuwa imenishinda kidogo. Nikakumbuka nimeona hiyo hiyo Athi River ikiwa elfu nne chini. Kuibeba kutoka Athi River mpaka Kola ningemaliza hiyo elfu nne kwa usafiri, na pengine niongeze. Kwa hivyo nikasema acha niende na picha.

(Kupiga hiyo picha pia ilikuwa vita. Askari wa duka aliniambia, "Boss, hapa hatupigi picha." Nikamweleza ni ya mama mgonjwa. Akageuka akaanza kuangalia barabara kama mtu anangoja mgeni. Nikapiga.)

Nikarudi Machakos na picha yangu. Dada wa mauzo akaangalia, akaenda akamwita mkubwa wake, jamaa anaitwa Kioko. Kijana smart, tai mpaka hapa.

Kioko akavuta ile picha kwa simu, akaivuta tena. "Bei ni kweli. Lakini hii si friji yetu."

"Si yenu aje? Si ni hii hapa?"

"Angalia namba ya model. Yao inaishia na S. Yetu inaishia na K."

Nikauliza S na K ni tofauti gani. Dada akasema ni rangi. Zote mbili zilikuwa kijivu. Kioko akasema hapana, K ni ya soko la Kenya.

Nikamuuliza, "Kwani Athi River ni wapi?"

Hakucheka. Alisema atauliza makao makuu, akaandika namba yangu, akaniambia nikipata K ya bei ya chini mahali popote ndani ya kaunti, nilete.

Nilipompigia mama kumweleza, aliuliza, "Mutuku, kwani hiyo herufi ndiyo inaleta baridi?"

Nilimwambia nitaitafuta hiyo K, wakuu.

Jumamosi nikaanza kuzunguka town nikiinama nyuma ya friji za watu kama fundi. Mchana nikaingia duka la Mzee Abdullahi, mzee wa Kisomali. Yeye anauza vitu za nyumba, na ndugu yake anafanya biashara ya mbuzi. Nikaikuta. K! Moja tu, elfu tatu chini ya ile ya Kioko.

Sikutaka kumdanganya mzee. Nikamwambia ukweli, mimi nataka picha tu, nipeleke kule wanishushie bei, kwa sababu wale wananipelekea mpaka Kola na ni ya dawa ya mama.

Mzee akaniangalia juu mpaka chini. "Piga picha. Wakikukatalia, rudi hapa."

Nikakimbia kwa Kioko. Akaona K, akatabasamu mara ya kwanza. Akasema imebaki kitu kimoja tu, lazima apige simu kuhakikisha hiyo friji iko na inauzwa. Nikampa namba ya duka la mzee, akapiga, akaweka loudspeaker.

"Mzee, hiyo friji iko?"

"Iko."

"Nikija saa hii utaniuzia?"

"Hapana. Nimemwekea kijana mmoja, mama yake ni mgonjwa."

Kioko akaniangalia. Mimi nikaanza kupiga kelele kwa simu, "Mzee, ni mimi! Kijana ni mimi! Mwambie unauza!"

"Wewe nakuuzia," mzee akasema. "Huyo mwingine simjui."

Kioko akakata simu akaniambia kwa heshima kabisa kwamba kwa sheria yao, friji ambayo imewekewa mtu haihesabiki kuwa inauzwa. Kwa hivyo hakuna bei ya kulinganisha.

Hebu niambieni ukweli. Ni mimi sikuelewa hapo, ama? Mzee alinitendea mema, na hayo mema ndiyo yaliniharibia!

Nilisimama nje ya hilo duka chini ya tangazo lao kama mtu amepotea. Sikujua nimkasirikie nani.

Nikarudi kwa Mzee Abdullahi. Hata hakuniuliza ilienda aje. Alisema lori ya ndugu yake inaenda Kola Jumatatu asubuhi kununua mbuzi, na ikienda huwa haina kitu. Friji ipande bure. Guarantee yake ni mwaka mmoja tu, lakini akaniongezea kile kidude cha kulinda friji stima ikicheza. Nikalipa.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukaenda, mimi na friji na harufu ya mbuzi.

Tukiwa karibu kufika simu ikalia. Kioko.

"Mutuku, habari njema! Makao makuu wamejibu. S na K ni friji moja. Tunakupatia bei ya Athi River, njoo uchukue."

Niliangalia friji. Nikaangalia simu. Nikamwambia asante, nikakata.

Sasa nisaidieni hesabu. Kwa Kioko ningelipa elfu moja chini ya nilicholipa, na guarantee ya miaka miwili. Kwa mzee nilipata kile kidude, na dawa ikaingia baridi siku hiyo hiyo. Mke wangu anasema nilipoteza. Fundi wa jirani anasema niliokoa. Mimi nikilala na hiyo hesabu huwa naamka nayo.

Funzo nililopata: kabla ya kuamini tangazo, soma namba ya model mpaka herufi ya mwisho, na uulize masharti yote kabla hujaanza kuzunguka. Na kama unatafuta bei ya kulinganisha, mwambie mwenye duka asikuwekee.

Lakini iko kitu ilinishtua kuliko hiyo yote.

Wiki mbili baadaye nilienda Kola. Nikaingia jikoni, friji kimya. Nikadhani stima imepotea, lakini taa ya jikoni ilikuwa inawaka.

"Mama, friji imefanya nini?"

"Nimeizima, ipumzike. Imefanya kazi tangu jana. Hata wewe huko EPZ, si wanakuachilia ulale?"

Nilifungua nikashika zile chupa. Zilikuwa bado na baridi, Mungu ni mwema. Nikaiwasha tena. Nikakaa chini nikamweleza polepole kwamba friji ya dawa haizimwi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali, akasema, "Sawa. Lakini Jumapili ni siku ya Bwana."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa mzaha. Hakucheka.

Kwa hivyo kila Jumapili nikitoka kanisani nampigia. Hatuanzi na salamu. Anaweka simu kwa mlango wa friji, na mimi nasikiliza mpaka niisikie ikinguruma.

Nyinyi wenye wazazi nyumbani, mliwaeleza aje? Mwenye kujua aniandikie hapo chini, na mwenye hesabu ya friji pia aseme.