Kalisti amechoka kuwachagulia wenzake milima

Ni saa tisa alasiri mjini Mesquite, nje kidogo ya Dallas, Marekani, na Kalisti Shirima amerudi kutoka ghalani alikokuwa akiendesha foklifti tangu asubuhi. Chai inapoa mezani. Yeye ameinamia simu, anakodolea macho ramani ya mlima.

Anaikuza kwa vidole viwili, anaipunguza, anaikuza tena. Kisha anailaza simu kifudifudi na kufumba macho.

"Huu nao haufai," anasema.

Kalisti, 48, mzaliwa wa Rombo, chini ya Mlima Kilimanjaro, ndiye anayewachagulia njia Waafrika Mashariki wa Dallas na vitongoji vyake wanaotaka kuparamia vilele vya New Mexico na Colorado katika majira ya baridi. Si kupanda kwa kamba. Ni ule upandaji wa miguu na mikono, unashika mwamba hapa, unakanyaga theluji pale. Wengi wao ni wauguzi na watu wa ofisini ambao mazoezi yao ni ngazi za jengo la maegesho, maana Dallas yote haina hata kilima cha kumchosha mbuzi.

Kazi hiyo hailipi. Mshahara wa ghala ndio unaolipa kodi ya nyumba na ada ya binti yake, Clara. Huku milimani anachangiwa mafuta ya gari, na lawama anazipata bure.

Alifanya kazi Kilimanjaro kwa miaka mingi, kwanza mpagazi, baadaye msaidizi wa kiongozi. Watu wa kanisani walipolijua hilo, mwaka 2017, hawakumwacha apumue.

"Watu huchagua mlima kwa picha," anasema. "Mimi naangalia mgeni akiteleza ataishia wapi. Akiishia kwenye theluji laini, sawa. Akiishia hewani, njia hiyo sitaki hata kuiona."

Hupenda migongo ya milima iliyo wazi, isiyo na mteremko mkali juu yake unaoweza kuwamwagia watu theluji, na yenye mahali pa kugeukia hali ikibadilika. Urefu wa kilele haumuumizi kichwa.

Februari mwaka jana alichagua njia ya namna hiyo hiyo. Kilichowaponza ni neno.

Katika kundi alikuwamo Majaliwa, mhasibu wa kitongoji cha Richardson aliyekulia Tabora. Kwake kila kitu cheupe cha mlimani ni barafu. Theluji laini, barafu. Theluji iliyoshikana, barafu. Barafu yenyewe, barafu. Kalisti alishamzoea, hata Rombo, anasema, ukitazama juu mlimani husemi theluji, hilo ni neno la darasani.

Siku ile Kalisti alibaki nyuma na mwenzao aliyeishiwa pumzi. Majaliwa akatangulia, akasimama kwenye kona yenye kivuli. Kalisti akapaza sauti kumuuliza kuna nini huko mbele.

"Barafu tu," Majaliwa akajibu.

Kalisti akaelewa theluji, kama siku zote. Akaruhusu wapite bila kufunga meno ya chuma kwenye viatu. Safari hii ilikuwa barafu kweli.

Aliyepita kwanza ni Shiru, muuguzi Mkenya anayeishi Carrollton. Aliteleza mteremko mzima, akaishia kwenye bonde dogo la theluji laini ambalo Kalisti alikuwa ameliona kwenye ramani kabla ya safari. Alivunjika mkono, lakini alikuwa hai, na aliweza kuteremka kwa miguu yake huku analia.

"Wanasema njia yangu ilimwokoa," Kalisti anasema. "Mimi nalisikia lile neno tu. Nilipaswa kwenda kuangalia kwa macho yangu."

Majaliwa hajapanda tena. Wenzake humtania kwamba siku hizi akiona vipande kwenye glasi ya soda hufikiri kwanza kabla ya kuvitaja jina. Yeye hacheki, na ukimwona hutamlaumu.

Tangu hapo Kalisti hawezi kumaliza kuchagua. Kila njia anaiona ina kona na kila kona ina kivuli. Mkewe, Ndeshi, anayetunza wazee majumbani kwao, amekwisha kuchoka naye.

"Baba Clara anarudi kazini amechoka, halafu anaanza kuchoka upya kwenye simu," anasema Ndeshi. "Nilimwambia aache. Akakubali."

Desemba aliwatangazia wenzake kuwa basi. Lakini Shiru alimjia na shauri jingine: mkono umepona, anarudi mlimani Januari hii, na wauguzi wawili wako tayari kwenda naye. Kalisti asipowachagulia, watakwenda hivyo hivyo. Ndiyo maana leo yuko mezani tena, na anaogopa. Anakiri mwenyewe kwamba anaogopa.

Kabla chai haijapashwa, Shiru anagonga mlango, bado amevaa sare za hospitali. Anamwamkia Ndeshi, anavuta kiti.

"Mzee, wewe usi-choose," anasema. "Hii nime-choose mimi."

Anamnyooshea simu yake yenye ramani, na Kalisti anaipokea kwa shingo upande. Anamuuliza jua linapiga upande gani asubuhi, upepo ukizidi watashukia wapi, nani atatangulia. Shiru anajibu bila haraka. Kumbe siku zote alizokaa na plasta alikuwa akisoma ramani. Mwishowe Kalisti anaweka kidole chini kidogo ya kilele.

"Na hapa?"

"Hapo ni kivuli. Hapo kuna barafu, Mzee. Barafu-barafu, si ile ya Majaliwa. Kwa hivyo hatufiki. Tuna-turn back hapo, na hakuna mtu ataniambia tumalizie."

Kalisti anaitazama njia kwa muda mrefu. Hasifii. Anasema tu kwamba itawafaa, na Ndeshi, aliyekuwa amesimama kwenye jiko akijifanya hasikii, anashusha pumzi.

Wataondoka wikiendi ya tatu ya Januari. Shiru ataongoza na Kalisti atafunga msafara. Nilipomuuliza anatumaini nini kwenye safari hiyo, hakutaja kilele.

"Mlimani kiongozi haruhusiwi kuchoka," anasema. "Safari hii nataka nitembee tu nyuma ya huyu dada, na nikichoka, niseme nimechoka."