Fundi Anayenusa Nyaya

Fundi wa pikipiki wa mtaa ule haangalii chombo kabla hajakinusa. Aliinua kiti cha pikipiki ya Ghislaine, akainama kama anayenusa maziwa ya jana. Ghislaine roho juu: kesho safari ya Gaspé, kwenye baridi kali, na bila glavu zinazopashwa joto kwa umeme wa pikipiki baridi ingemla vidole.

"Fyuzi ya glavu, ya ampea tano, ilikuwa inakatika kila mara, fundi. Nikaweka ya thelathini, sasa inadumu."

"Fyuzi inadumu. Waya je?" Vidole vyake vyeusi vilitambaa polepole juu ya waya mwembamba, vikasimama chini ya tangi la petroli. Pale plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka kwa joto, laini kama chingamu iliyotafunwa. Akarudisha fyuzi ya ampea tano, akawasha. Ta! Ikakatika.

"Si unaona inavyonisumbua?"

"Usiitukane, dada," alinong'ona. "Imekufa badala yako."