Siku Sauti ya Spika Ilipokauka

Mtaani kwetu ukimtaja mbunge watu hawashtuki, maana sura yake tunaiona kwenye mabango tu. Mtaje Spika, hata mtoto anayetambaa anageuza shingo. Spika ni yule mama wa ofisi ya mbunge anayetusomea taarifa za huduma za serikali: vitambulisho vinatolewa lini, chanjo ni wapi, maji yatakatika mtaa gani na yatarudi lini, ingawa hapo kwenye kurudi huwa anapunguza sauti kidogo. Jina tulimpa kwa sababu ya gari lenye spika juu ya paa, linalozunguka na sauti yake, na alilipokea kwa maringo. "Bungeni Spika ndiye anayewaamuru wabunge wakae chini," hutuambia. "Kwa hiyo na nyinyi kaeni."

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Anarekodi ndani ya stoo, amejifunika blanketi kichwani, kwa sababu jirani yao ni fundi wa kuchomelea vyuma, na fundi huyo hajawahi kuiheshimu taarifa ya serikali hata moja. Akitoka humo jasho linamtiririka. Kila taarifa huanza na "Wananchi, wananchi, tegeni sikio," kisha anavuta pumzi, kisha zinafuata sifa za Mheshimiwa: barabara aliyoisemea, daraja aliloliulizia, salamu zake za dhati. Tumeshazoea. Wakati wa sifa tunaendelea kufua nguo, na ikifika siku na mahali ndipo tunanyamazishana.

Taarifa ya madaktari wa macho aliirudia kurekodi mpaka dereva akachoka kumsubiri. Mama yake ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na siku hizi anachotofautisha ni mchana na usiku tu. Madaktari hao huja mara moja kwa mwaka, wanapima watu siku hiyohiyo na kuchagua wa kufanyiwa upasuaji bila malipo, kisha wanaondoka. Mwaka jana walimkuta mama kitandani na homa. Baadaye mganga wa kituo cha afya alimwambia Spika asithubutu kukosa tena, kwani jicho moja lilikuwa limeanza kupanda presha, na likiachwa halitaokolewa. Tangu siku hiyo Spika hakulala vizuri. Mahali palipothibitishwa, kwa kuchelewa kama kawaida ya ofisi zetu, alirekodi na kumpa dereva. Wifi yake, mke wa kaka yake anayekaa na mama, alikuwa ameshaambiwa na Spika, "Mahali mtasikia kwenye gari."

Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa uani akipiga mswaki. Gari likapita uchochoro wa nyuma, akasikia sauti yake mwenyewe, tamu kabisa, ikisema madaktari wa macho wapo shule ya msingi. Mswaki ukabaki mdomoni. Shuleni ilikuwa mwaka jana. Mwaka huu shule imefungwa, paa linaezuliwa, na madaktari walikuwa wanashusha vifaa kituo cha afya, ng'ambo ya soko.

Watu wanasema tusimlaumu dereva. Mimi namlaumu. Ni mtu mpole, lakini hafuti kitu. Kwenye flashi yake zimo taarifa zote tangu Mheshimiwa akiwa na nywele, na yeye alitafuta iliyoandikwa "macho", akaipata ya kwanza, akabonyeza. Alikuwa ameanza kuizungusha tangu jana jioni, upande anakokaa mama yake Spika.

Spika alimpigia. Simu iliita mpaka ikakata, kwa sababu mtu aliyekaa chini ya spika ile hasikii hata akiitwa jina. Akampigia wifi.

"Wifi, mama yuko wapi?"

"Nimeshamfikisha shuleni. Nimemkalisha getini kwenye kiti, mwenyewe niko kazini. Kwani vipi?"

"Siyo shuleni!"

"We! Si umetangaza mwenyewe?"

Mama hana simu, alishasema hawezi kuhangaika na kitu asichokiona. Basi Spika akatoka mbio, kandambili mguuni, povu la dawa ya meno kidevuni. Njiani Mheshimiwa akapiga kutoka bungeni, habari za kosa zimeshamfikia. "Toeni masahihisho haraka," alisema, "ila salamu zangu ziwe mwanzoni." Spika akamwitikia "ndiyo Mheshimiwa" kwa adabu, akakata simu, akatamka neno ambalo sitaliandika hapa.

Njia nzima watu walikuwa wanaelekea shuleni, wazee wameshikwa mikono. "Geukeni!" akapaza sauti. "Ni kituo cha afya!" Fundi viatu wa pale kona, ambaye jicho lake la kushoto limefifia mpaka anashona kwa kupapasa, alisimama akamtazama kwa lile la kulia.

"Dada, jana umesema shule. Asubuhi hii umesema shule. Sasa unatuambia kituo. Mnataka tuzunguke ili watu wa Mheshimiwa wawahi foleni, siyo?"

"Haki ya Mungu, baba, ni makosa ya gari."

"Gari ndilo la serikali," fundi viatu akasema. "Wewe umekuja kwa miguu."

Watu wakacheka, wakaendelea na safari yao. Spika akakimbia kutoka kona hadi kona akipiga kelele ileile, wachache wakageuka, wengi wakamwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Alipofika sokoni sauti ilianza kukwaruza. Alipolifikia geti la shule ilikuwa imekauka kabisa, na jua lilikuwa limeshapanda.

Geti lilikuwa na mnyororo. Baadhi ya watu walikuwa wamekata tamaa na kurudi kwao, fundi viatu akiwa wa kwanza, kwa hasira. Waliobaki waliketi ukutani, na mama yake Spika alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, mkoba magotini, uso ameuelekeza getini.

"Mama, twende. Siyo hapa."

"Nani wewe?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani? Mwanangu hana sauti ya bata." Akashika kiti kwa mikono yote miwili. "Mwanangu amesema hapa. Tangu asubuhi mnapita mnatudanganya tuondoke."

Hapo Spika akalia. Hakuna mtu duniani aliyemwamini kama yule bibi, na kwa sababu hiyohiyo alikataa kunyanyuka, na kila dakika aliyokaa pale jicho lilikuwa linapotea. Alijaribu kumshika mkono, mama akamchapa kiganja.

"Kama wewe ndiye, hebu nitangazie."

Spika akajikohoza. "Wananchi, wananchi, tegeni sikio," akasema, na maneno yakatoka vipandevipande. Akavuta pumzi palepale anapovuta siku zote. Mama akainua kidevu. Spika akaziruka salamu za Mheshimiwa. "Madaktari wa macho wapo kituo cha afya, ng'ambo ya soko."

"Ndiye," mama akawaambia wenzake. "Kakosea, lakini ndiye. Inukeni."

Wakati huo dereva akatokea na gari, ameona simu alizokosa na watu wamemweleza kosa lake, uso umemshuka. Wazee wakapandishwa nyuma. Mama akakalishwa mbele, akauliza kuhusu wale waliorudi nyumbani.

"Mama, watafunga," Spika akanong'ona. "Tuwahi kwanza macho yako."

"Wamekuja kwa sauti yako, hao. Kipaza sauti kiko wapi?"

Tukamsikia bibi akitangaza, na sijawahi kusikia taarifa fupi namna ile: "Binti yangu amekosea. Kituo cha afya, ng'ambo ya soko. Sasa hivi." Hivyohivyo, uchochoro kwa uchochoro. Kwenye kila kona Spika alitazama jua na kujiuma kidole, na kila kona mama aliagiza izungukwe. Fundi viatu alikuwa ameshakaa kibandani kwake amenuna. Alitupa sindano akadandia gari.

Walikuta manesi wanakunja meza. Daktari alilitazama lile gari lililojaa wazee, akashusha pumzi, akavaa glavu upya. Mama alisema ataingia wa mwisho, kwa kuwa kosa ni la nyumbani kwake, na Spika akakaa nje ukutani mpaka alipoitwa.

Jicho la kulia litapasuliwa. La kushoto, daktari alisema, lilishaharibika tangu miezi mingi iliyopita, na hata wangefika alfajiri asingeweza kulifanyia kitu.

"Moja linanitosha," mama akasema. "Nilidhani nitakosa yote. Uko hapo?"

Spika alitikisa kichwa kuwa ndiyo, tena na tena, kisha akakumbuka kwamba mama haoni. Akafungua mdomo, hakukutoka kitu. Akauchukua mkono wa mama, akauweka shavuni kwake, akatikisa kichwa upya.

"Haya," mama akasema. "Basi usilie, nimeshakusikia."