Kofia ya Matembezini

Enzi zetu pale Msambweni, miaka ya hamsini, kijana hakutoka nyumbani kichwa wazi, hata akiwa anakwenda dukani kununua chumvi tu. Kofia nyeupe ya kitambaa, iliyotobolewa vitundu vidogo vidogo na kuzungushiwa uzi kwa mkono, ndiyo iliyokuwa pambo la mwanamume, msikitini na matembezini. Ilifuliwa, ikatiwa uwanga wa muhogo, ikatandwa juu ya faruma, kile kigogo chenye umbo la kichwa, ikakauka bila kunyanzi hata moja. Na kijana aliyeilaza kidogo upande wa sikio la kulia, sisi wasichana tulimchungulia dirishani huku tukijifanya tunapepeta mchele.

Ya kwanza niliyoishona mimi ilikuwa ya Kaka Mbwana, aliyekuwa kibarua bandarini Mombasa. Nilianza wakati wa masika, hata vuli ikaingia ningali naitoboa. Mama hakunionea huruma. Kila tundu lililopinda alilifumua, akanirudishia kitambaa. "Ndugu yako atatembea na jina lako kichwani," alikuwa akisema. "Unataka lisomeke hivi?"

Kaka akaja likizo amevaa chepeo ya kizungu, ya kahawia, yenye ukingo mpana. Nilipompa kofia aliigeuzageuza, akaisifu, kisha akaitundika ukutani.

"Nzuri sana, Mwanamisi. Nitaivaa Ijumaa na mazikoni. Matembezini, siku hizi watu wa mjini huvaa chepeo."

Mkubwa hakujibiwa. Lakini mimi sikuwa nimeshona kofia ya mazikoni.

Jioni akatoka na chepeo yake kwenda kuzungumza na wenzake karibu na msikiti. Magharibi ikaadhiniwa. Akatawadha, akairudisha kichwani kwa mazoea ya mtu ambaye tangu utotoni huswali na kofia yake, akaingia safuni. Waliposujudu, ukingo ukagonga jamvi kabla ya paji la uso. Chepeo ikachopoka, ikabingirika hadi mbele, ikatulia penye visigino vya imamu. Hakuna aliyecheka ndani ya swala. Ilipokwisha, mzee mmoja alimrudishia kwa adabu zote: "Chukua, mwanangu. Imekutangulia kutaka uimamu."

Habari hiyo ilifika jikoni kwetu kabla yake.

Kesho yake alasiri akasimama mlangoni. "Mwanamisi, mdogo wangu, nishushie ile kofia."

Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye chungu, akauliza, "Kwani kuna maziko?"

"Natembea, mama."

Akaivaa na shati lake la mjini na suruali iliyonyooshwa kwa pasi, akailaza kidogo kulia. Wenzake walikuwa wamejiandaa kumcheka, lakini walipomwona wakasahau walilotaka kusema. "Mbwana, hii umeinunua wapi?" Naye akawajibu, "Haiuzwi. Kaishona ndugu yangu." Kabla likizo haijakwisha, mama zao walikuwa wakibisha hodi kwetu kutaka kuuona mkono wangu. Kaka alirejea Mombasa na kofia yangu kichwani. Chepeo aliiacha, mama akaifanya kikapu cha mayai.

Leo nikipita Kona ya Musa, papa hapa Msambweni, nawaona wajukuu wa vijana wale wale, wamevaa kofia zilizochongoka mbele kama mdomo wa bata, zimeandikwa majina ya miji wasiyoweza kunionyesha kwenye ramani. Ya kwetu huitoa kabatini Ijumaa na Idi, tena ya mashine, ikawabana au ikawafunika masikio, kwa kuwa haikupimwa kwa kichwa cha mtu yeyote. Nasema bila kuomba radhi: huo si umaridadi, ni uvivu uliopata duka. Nikimuuliza mmoja wao nani aliyemshonea, hunitazama kana kwamba nimemuuliza swali la hesabu.

Sisi tulijua. Hapakuwa na kichwa kilichopita njia ile ya Msambweni ambacho mwanamke fulani hakukiwaza huku akishona, tundu kwa tundu, miezi mingi kabla hakijapita.